HISTORIA YA TEATRI YA ULAYA: TOKA WAGIRIKI MPAKA WAKATI WA BAROKO



Kila mwaka Noeli ikikaribia, swali moja linarudi katika shule zetu za Kiprotestanti: teatri ni kitu cha Mungu ao ni kitu cha dunia? Kijana akicheza Yosefu na msichana akicheza Maria, hakuna anayekataza. Lakini siku wanafunzi wanataka kucheza mlevi, mwizi, ao Herode mwenye kuua watoto, ndipo wengine wanasema: "Hapana, mukristo hawezi kuvaa sura ya mutu wa namna ile." Na upande mwingine, katika kurs ya Kifaransa tunakutana na Corneille, Racine na Molière. Tunashika majina na miaka juu ya egzamen, kiisha tunafunga daftari. Hatuulizi watu wale walikuwa wanatafuta nini.

Basi tumetengeneza somo hili. Tutafuata njia ya miaka zaidi ya 2,000, toka Atene mpaka Paris, na njiani tutashika swali moja tu: mtu akivaa uso wa mwingine, anasema uongo, ao anajifunza ukweli?

1. WAGIRIKI

Neno teatri linatoka katika Kigiriki, theatron, maana yake pahali pa kutazama. Watu wa Atene walikuwa na sikukuu kubwa ya mungu wao Dionysos, kila mwaka karibu na mwezi wa tatu ao wa nne. Hapo mwanzo kulikuwa kwaya tu, iliyoimba na kucheza ngoma. Desturi inasema kwamba karibu mwaka wa 534 mbele ya Kristo mtu mmoja, jina lake Thespis, alitoka katika kwaya akaanza kusema peke yake na kujibizana nayo. Ndiyo kuzaliwa kwa mchezaji. Baadaye Eschyle aliongeza mchezaji wa pili, na Sophocle aliongeza wa tatu.

Wachezaji wote walikuwa wanaume, na walivaa vinyago. Kwa kubadili kinyago, mtu mmoja aliweza kuwa mfalme, kiisha mjumbe, kiisha mama mzee. Watazamaji walikaa juu ya mteremko wa kilima, wachezaji chini, bila paa na bila mikro. Michezo ilikuwa mashindano, na mshindi alipewa taji. Michezo ya huzuni waliiita trajedi, michezo ya kuchekesha waliiita komedi. Sophocle aliandika michezo zaidi ya 120. Iliyotufikia mizima ni 7 tu. Ya Aristophane, mkubwa wa komedi, ni 11.

Tusimame kidogo kwa Eschyle. Mwaka wa 490 mbele ya Kristo, Waajemi walikuja kushambulia Atene. Eschyle mwenyewe alipigana nao katika vita ya Marathon, na ndugu yake Cynégire aliuawa kule kule. Miaka kumi nyuma, mwaka wa 480, Waajemi walirudi wakachoma mji wa Atene, kiisha wakashindwa baharini pale Salamine. Mwaka wa 472, Eschyle alileta mchezo juu ya vita ile, unaoitwa Waajemi. Ni mchezo wa kale kupita yote tuliyo nayo leo.

Mungefikiri alionyesha Wagiriki wakishangilia. Hapana. Mchezo wote uko nyumbani kwa adui, katika mji wa Susa. Tunaona mama wa mfalme wa Waajemi akingoja habari za mtoto wake. Mjumbe anafika, anataja majina ya wakubwa waliokufa, mmoja mmoja. Wazee wanalia. Mwisho mfalme mwenyewe anarudi na nguo zilizopasuka. Watu wa Atene, ambao nyumba zao zilichomwa na jeshi lile lile miaka 8 tu mbele, walikaa wakasikiliza kilio cha mama wa adui. Na mchezo ule ulipata zawadi ya kwanza.

Tuangalie vizuri: Eschyle hakusema kwamba Waajemi walikuwa na haki. Anaonyesha wazi kwamba mfalme wao aliangushwa na kiburi chake. Lakini alikataa kusema kwamba machozi yao si machozi. Mtu aliyezika ndugu yake ndiye aliyeandika maneno ya kilio cha wale waliomuua.

Neno moja tena la Kigiriki kabla hatujatoka Atene. Mchezaji wa teatri aliitwa hypokrites. Mukifungua Matayo 6, Yesu anasema mara tatu juu ya wanafiki: wanaotoa sadaka ili waonekane, wanaosali ili waonekane, wanaofunga ili waonekane. Katika Agano Jipya la Kigiriki, neno lililotafsiriwa "wanafiki" ni lile lile la wachezaji wa teatri. Sasa munaona sababu gani kanisa lilikuwa na wasiwasi tangu zamani. Lakini tuangalie tofauti. Mchezaji, wote wanajua kwamba amevaa kinyago. Anakivaa ili atuonyeshe mwingine. Mnafiki anavaa cha kwake kwa siri ili ajifiche yeye mwenyewe. Tofauti ile tuishike, itatusaidia mpaka mwisho.

2. WAROMA, NA WAAFRIKA WATATU

Waroma walichukua teatri ya Wagiriki wakaigeuza kwa Kilatini. Wakubwa wa komedi walikuwa wawili: Plaute na Térence. Huyu wa pili anatuhusu, kwa sababu jina lake kamili ni Publius Terentius Afer, na Afer maana yake Mwafrika. Mwandishi Suétone anaeleza kwamba alizaliwa Carthage, katika nchi ambayo leo ni Tunisia, akapelekwa Roma kama mtumwa. Bwana wake aliona akili yake, akamsomesha, akamwacha huru. Kati ya 166 na 160 mbele ya Kristo alileta komedi 6. Shule za Ulaya zilifundisha Kilatini kwa vitabu vyake miaka zaidi ya 1,000. Kwa hiyo mtu akisema teatri ya kale ni mambo ya wazungu tu, mumukumbushe Térence.

Lakini pole pole teatri ya Roma iliharibika. Watu walipenda zaidi michezo ya matusi na ya uchi, na pembeni kulikuwa viwanja ambamo watu waliuawa kweli juu ya kufurahisha wengine. Wakristo nao walichekwa. Ndiyo sababu Tertullien, Mwafrika mwingine wa Carthage, aliandika karibu mwaka wa 200 kitabu kizima cha kuwakataza Wakristo kwenda katika michezo ile. Mwaka wa 314, mkutano wa maaskofu kule Arles uliamua kwamba wachezaji wa teatri wasishiriki meza ya Bwana wakati wote wanaendelea na kazi ile. Na Augustin, Mwafrika wa tatu, aliungama katika kitabu chake kwamba alipokuwa mwanafunzi Carthage alipenda teatri sana. Alijiuliza swali gumu: ni huruma gani hii, mtu analia juu ya mateso ya kubuni, na hainuki kusaidia mtu yeyote?

Swali la Augustin halijazeeka. Mtu anaweza kulia mbele ya filmu, halafu akapita jirani mwenye njaa bila kumwangalia. Kama teatri inaishia kwa machozi, Augustin ana haki.

Na Biblia? Biblia haikufunga mlango kabisa. Katika Matendo ya Mitume 19, watu wa Efeso waliwakokota Gayo na Aristarko mpaka ndani ya teatri ya mji. Magofu yake yangaliko katika nchi ya Uturuki, na watu karibu 24,000 waliweza kukaa mle. Paulo mwenyewe alitaka kuingia, wanafunzi wakamzuia. Katika 1 Wakorinto 4:9 anaposema mitume wamekuwa kitu cha kutazamwa na dunia, neno la Kigiriki ni theatron. Na lile neno la 1 Wakorinto 15:33, juu ya marafiki wabaya, ni maneno yaliyotoka katika komedi ya Ménandre, mwandishi wa Atene. Paulo hakuona haya kuchukua ukweli pahali alipoukuta.

3. TEATRI INAZALIWA TENA NDANI YA KANISA

Baada ya ufalme wa Roma kuanguka, majumba ya teatri yalibaki matupu. Miaka mia nyingi ikapita. Kiisha, katika karne ya 10, jambo la ajabu likatokea: teatri ilizaliwa tena, na ilizaliwa kanisani.

Asubuhi ya Pasaka, watawa walizoea kuimba maneno mafupi ya malaika na wale wanawake kaburini. Malaika anauliza wanamtafuta nani, wanawake wanajibu, malaika anasema hayupo, amefufuka. Karibu mwaka wa 970, askofu Ethelwold wa Winchester, katika Uingereza, aliandika namna ya kufanya: mtawa mmoja akae karibu na kaburi amevaa kanzu nyeupe, watatu waje pole pole kama watu wanaotafuta kitu. Ni kama hatua ya Thespis imerudi: mtu anatoka katika kwaya, anajibizana. Katika karne ile ile, mtawa mwanamke Hrotsvitha wa Gandersheim, katika Ujerumani, aliandika michezo 6 kwa kufuata mfano wa Térence, lakini pahali pa wanawake wa aibu aliweka wanawake wa imani.

Michezo ilikua, ikatoka mlangoni, ikaenda sokoni, ikaacha Kilatini ikashika lugha ya watu. Katika Ufaransa, Arnoul Gréban aliandika karibu 1450 mchezo wa Mateso ya Yesu wenye mistari zaidi ya 34,000. Kuucheza kulichukua siku 4. Katika mji wa York, Uingereza, historia yote ya Biblia, toka uumbaji mpaka hukumu ya mwisho, ilichezwa kwa siku moja juu ya magari yaliyopita katika mabarabara. Kila chama cha kazi kilipewa sehemu yake: wajenzi wa merikebu walijenga safina ya Noa, wavuvi na mabaharia walicheza gharika, waoka mikate walicheza karamu ya mwisho.

Na kumpigilia Yesu msalabani? Sehemu ile walipewa mafundi wa pini na misumari. Askari wa mchezo ule si mashetani wenye pembe. Ni mafundi wanne, wanafanya kazi yao na kulalamika: tundu halikutobolewa vizuri, kamba ivutwe zaidi, msalaba ni mzito. Watu walicheka. Kiisha msalaba ulisimamishwa, na watazamaji waliona ni nani aliyekuwa amelala pale chini wakati wote walipokuwa wanacheka. Hakuna hubiri linaloweza kusema kwa nguvu zaidi kwamba waliomuua Bwana walikuwa watu kama sisi, watu wa kazi, watu wa haraka. Kama mafundi wale wangekataa kuvaa sura ya askari, somo lile lingepotea.

4. RENESANSI, NA WAPROTESTANTI WETU

Katika karne ya 15 na ya 16, wasomi wa Italia walifungua tena vitabu vya Wagiriki na Waroma. Katika mji wa Vicenza, fundi mkubwa Palladio alitoa plani ya Teatro Olimpico, nyumba ya teatri yenye paa iliyofuata mfano wa zamani. Ilifunguliwa mwaka wa 1585 kwa mchezo wa Sophocle juu ya mfalme Oedipe.

Lakini teatri ya Italia iliyopendwa zaidi na raia haikutoka katika vitabu. Iliitwa commedia dell'arte, maana yake teatri ya watu wa ufundi. Tuko na barua ya mapatano ya mwaka wa 1545, mji wa Padova, ambamo wanaume wanane wanakubaliana kucheza pamoja na kugawa faida. Hawakushika maneno ya kuandikwa. Walikuwa na plani fupi tu, iliyotundikwa nyuma ya jukwaa, na kila mmoja alijua mtu wake: mzee mwenye kupenda pesa, daktari wa maneno mengi, mtumishi mwenye njaa na ujanja. Maneno yalizaliwa pale pale. Tena katika makundi haya wanawake walianza kucheza mbele ya watu wote, na mmoja wao, Isabella Andreini, alipata heshima kubwa katika Italia na Ufaransa.

Na Waprotestanti? Hapa tusome kwa makini, ni historia ya nyumbani. Mwaka wa 1546, kule Genève, mchezo wa Matendo ya Mitume ulitayarishwa. Pasta Michel Cop alihubiri kwa ukali kuupinga, mji ukachafuka, na Calvin alilazimika kutuliza watu. Mchezo ulichezwa, lakini baadaye baraza la mji lilisimamisha michezo ya namna ile. Lakini miaka 4 tu nyuma, mwaka wa 1550, Théodore de Bèze, mwalimu wa Kigiriki kule Lausanne, aliandika trajedi ya Abrahamu anayemtoa mtoto wake sadaka, na walioicheza walikuwa wanafunzi wa shule yake. Bèze alikuwa ameacha nchi yake Ufaransa juu ya imani, kama Abrahamu alivyoacha yake. Huyu si mtu mdogo: ndiye aliyeshika kazi ya Calvin baada ya Calvin kufa mwaka wa 1564.

Makanisa ya Reforme ya Ufaransa yaliandika baadaye katika kanuni zao kwamba waamini wasiende kutazama komedi na trajedi. Lakini waliweka mlango mmoja: shule inaweza kuonyesha historia fulani kama ina faida kwa vijana, mradi isitoke katika Maandiko Matakatifu, kwa kuwa Neno lilitolewa lihubiriwe, si lichezwe. Munaona ajabu? Sisi leo tunaruhusu mchezo wa Biblia na kuogopa mingine. Wao walifanya kinyume. Kumbe hata wazee wetu wa imani hawakusema kwa sauti moja. Walitafuta, walibishana, na shule ilikuwa kila mara katikati ya mabishano yale.

5. WAKATI WA BAROKO

Baroko ni jina la ufundi wa Ulaya toka karibu 1600 mpaka mbele kidogo ya 1750. Ni wakati wa mapambo, wa mwendo, wa macho kudanganywa kwa makusudi. Teatri ilikuwa nyumba yake. Katika Italia walichora nyumba na miti juu ya mbao, kubwa mbele na ndogo nyuma, mpaka jukwaa fupi likaonekana refu kama barabara. Fundi Giacomo Torelli, kule Venezia, alitengeneza mashini chini ya sakafu: ukizungusha gurudumu moja, mbao zote za kando zinabadilika mara moja, msitu unakuwa mji. Mawingu yalishuka na miungu juu yake. Wakati huo opera ikatokea, mchezo unaoimbwa: Monteverdi alionyesha Orfeo mwaka wa 1607, na mwaka wa 1637 Venezia ilifungua nyumba ya kwanza ya opera ambamo kila mwenye pesa ya tiketi aliingia.

Katika Uingereza, James Burbage alijenga mwaka wa 1576 nyumba iliyoitwa The Theatre, nje ya mji wa London. Mbao zake zilitumika kujenga Globe mwaka wa 1599, teatri ya Shakespeare. Hakukuwa na mapambo mengi, na sehemu za wanawake zilichezwa na vijana wanaume. Nguvu ilikuwa katika maneno. Katika mchezo wake wa mfanyabiashara wa Venezia, Shakespeare alimleta Shylock, Myahudi mkopesha pesa. Kwa watazamaji wa London mtu huyo alikuwa wa kuchekwa na kuchukiwa. Lakini katikati ya mchezo, Shylock anasimama na kuuliza kama Myahudi hana macho, kama akichomwa hatoki damu. Anabaki mtu wa kisasi, Shakespeare hamfichi. Lakini kwa dakika ile adui ana uso. Ni njia ile ile ya Eschyle. Mwaka wa 1642, Bunge lenye nguvu ya Wapuritani lilifunga teatri zote, na zilifunguliwa tena mwaka wa 1660.

Katika Hispania, Calderón, ambaye baadaye alipata upadri, aliandika mchezo ambamo dunia yote ni jukwaa. Mungu anagawa sehemu: wewe mfalme, wewe tajiri, wewe mkulima, wewe maskini. Mwisho kila mtu anarudisha nguo alizopewa, na haulizwi alikuwa nani, anaulizwa alicheza namna gani.

Katika Ufaransa, wasomi walitaka utaratibu: tendo moja, pahali pamoja, siku moja. Corneille alipata sifa na mabishano makubwa kwa Le Cid, mwaka wa 1637. Kiisha akaja Molière. Mwaka wa 1664 alionyesha mbele ya mfalme mchezo wa Tartuffe, mtu anayejifanya mtakatifu ili ale mali ya nyumba ya watu. Watu wa dini walikasirika, mchezo ukakatazwa, mpaka 1669 ndipo ukaruhusiwa. Hapa lile neno la Kigiriki linakutana na mwenzake: mchezaji anavaa kinyago wazi ili aonyeshe mtu aliyevaa kinyago kwa siri. Hypokrites mmoja anamfunua hypokrites mwingine. Na Molière alilipa. Mwaka wa 1673 alikufa saa chache tu baada ya kutoka jukwaani, na kwa sababu hakuwa amekana kazi yake mbele ya padri, kanisa lilimkatalia maziko. Mfalme akaingilia, na alizikwa usiku.

Mfano wa mwisho ni wa shule. Madame de Maintenon, mke wa siri wa mfalme Louis XIV, alikuwa na shule ya wasichana kule Saint-Cyr. Alimwomba Racine awaandikie mchezo wa Biblia, na mwaka wa 1689 wasichana walicheza Esther. Mfalme alikuja, wakubwa waligombania pahali pa kukaa, wasichana walisifiwa kwa uzuri wao na nguo zao. Kiburi kikaingia shuleni. Racine alipoandika mchezo wa pili, Athalie, mwaka wa 1691, wasichana waliucheza katika chumba, bila mapambo, na nguo zao za kila siku za shule. Leo wengi wanasema Athalie ni kazi yake kubwa kupita zote. Historia ilikuwa ya Biblia mara zote mbili. Kilichoharibu ya kwanza ni macho ya watu.

6. TEATRI HII KATIKA KISWAHILI

Musifikiri mambo haya yamebaki Ulaya. Mchezo ule wa Oedipe uliofungua teatri ya Vicenza uko katika Kiswahili: Samuel Mushi wa Tanzania aliutafsiri, ukatoka mwaka wa 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Julius Nyerere, akiwa raisi wa nchi, alipata nafasi ya kutafsiri Shakespeare: mchezo wa Juliasi Kaizari ulitoka mwaka wa 1963, na Mabepari wa Venisi, yaani ule wa Shylock, mwaka wa 1969. Hata Molière ana Kiswahili: Mchuuzi Mwungwana, 1961.

Na katika Kongo yetu, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijulikana sana kwa teatri ya Kiswahili cha watu wa mji, katika radio na televizyo. Mwaka wa 1986 walitayarisha mchezo juu ya methali inayosema mamlaka huliwa nzima. Hakukuwa na maneno ya kuandikwa: walikuwa na plani, wakabishana, wakajaribu, mpaka mchezo ukasimama. Ni kazi ile ile ya wale wanane wa Padova.

7. NA SISI WA BIGO?

Sasa turudi kwa swali letu. Vita ya 1999 mpaka 2003 iliua maelfu ya watu katika Ituri, na Bunia yetu ilikuwa katikati. Toka mwisho wa 2017 mauaji yakaanza tena katika wilaya zetu, na wakimbizi wakajaza kandokando ya mji. Katika kalasi moja wanakaa watoto ambao nyumbani wanasikia kilio cha upande mmoja tu. Kila mmoja anajua majina ya wafu wake. Ya wengine hayajui.

Shule iliyo katika hali hii, ikitafuta mchezo, isitafute wa kuchekesha tu. Tunashauri mambo matatu. La kwanza: tusigawe sehemu kwa kufuata sura ao kabila, eti huyu afanye mzuri, yule afanye mbaya. Anayependa kuwa Yosefu, mara moja ajaribu Herode, aone mwenyewe hofu ya kupoteza kiti inavyomfikisha mtu mpaka kwa upanga. Na mwenye kulilia wake, ajifunze maneno ya mama wa upande mwingine, ayaseme kwa sauti mpaka yaingie. La pili: tufanye kama Athalie. Nguo za shule zinatosha. Mchezo wa kutafuta sifa unatengeneza wanafiki wapya. La tatu ni jibu kwa Augustin: mchezo ukiisha, usiishe. Kama tumelia juu ya mkimbizi wa jukwaani, yule wa kweli yuko karibu, na watazamaji wanaweza kuja na unga ao sabuni pahali pa tiketi.

Wazee wa kanisa wanaoogopa teatri hawana makosa yote. Historia inaonyesha kwamba iliharibika mara nyingi. Lakini historia ile ile inaonyesha kwamba Kanisa, lilipotaka watu waone kaburi wazi, lilimvalisha mtawa kanzu nyeupe na kumwambia: kaa pale, wakija, uwajibu.

MASWALI YA KUJIFUNZA

1. Sababu gani Eschyle aliweka mchezo wake katika mji wa adui? Ingekuwa namna gani kama angeuweka Atene?
2. Eleza tofauti kati ya mchezaji na mnafiki. Soma Matayo 6:1-18.
3. Linganisha kanuni ya makanisa ya Reforme ya Ufaransa na desturi ya shule zetu. Wewe unaona ipi ina sababu nzuri zaidi?
4. Chagua mtu wa Biblia usiyempenda. Andika mistari kumi ambamo anaeleza mwenyewe jambo alilofanya. Usimtetee, usimtukane. Umwache aseme.

Majibu ya swali la 4 mutuletee. Yaliyo mazuri tutayatia katika bulletini inayokuja.